Mutu Muzima

Sokomuhogo, Mji Mkongwe
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu Riyama,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kazi ya mashuka huko hotelini haijakumaliza mgongo. Sisi huku salama. Idd ilipita kwa mvua.

Utashangaa kuletewa barua na mtu ambaye nambari yake unayo kwenye simu. Simu haitufai sisi wawili. Mimi hukukata maneno, wewe hukata simu. Hafiz, dereva wa hoteli yenu, huja Darajani kila Jumatano kuchukua samaki na mboga, na amekubali kuwa tarishi wetu.

Jambo lenyewe ni hili: jina langu limetoka. Inshaallah tutaondoka kwenda Hija Jumatatu, tarehe 19 Mei. Unaijua ada. Kabla ya safari hii mtu huwazungukia aliowakosea akawaomba radhi. Nimeshakwenda kwa majirani na kwa wenzangu wa masjala. Wote walisema "tumesamehe" kabla sijamaliza sentensi, jambo ambalo halikuniridhisha. Wewe nataka nikuombe kwa utaratibu.

Unajua kwamba tangu kidato cha pili nimekuwa nikiandika daftari la kila siku. Nimeyapitia yote kwa wiki mbili, nikilitafuta jina lako. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tarehe 2 Juni 1989 nilivunja redio ya marehemu baba nikasema ni wewe. Ulipigwa. Tarehe 11 Novemba 1993 nilisoma barazani, mbele ya wenzangu, barua uliyoandikiwa na shoga yako. Mwaka 1996, mwezi wa tatu, ilipokuja barua ya posa yako kutoka kwa Mzee Makungu wa Tumbatu, nami nikiwa walii wako kwa kuwa baba alikwisha kufariki, sikumjibu kwa maneno mazuri kama ilivyopasa. Mwezi wa nane mwaka huohuo ulinipa kofia ya viua uliyoishona mwenyewe, nami nikasema inapwaya, sikushukuru. Mwaka 2004 ulipoachika ukarudi nyumbani nilikupa chumba cha uani, na chumba cha mbele nikaweka vitabu.

Kwa hayo yote, na kwa nisiyoyakumbuka, naomba radhi yako. Tafadhali nijibu kwa maandishi ili niihifadhi.

Kaka yako,
Kheir


Kendwa
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kaka Kheir,

Waalaykum salaam. Mungu akufikishe na akurudishe.

Barua yako nimeisomea chumba cha mashuka, nimekaa juu ya mzigo wa mataulo, nikacheka mpaka wenzangu wakadhani nimepata mchumba. Ndugu gani huyu anaomba radhi kwa tarehe? Nilidhani nimeletewa hati ya mashtaka, ila mshtakiwa na karani wa mahakama ni mtu mmoja.

Haya, sikiliza. Redio nshakusamehe. Fimbo ya baba ilipita ubavuni tu, nililia kwa usanii. Barua ya shoga yangu nshasamehe. Chumba cha uani nshasamehe, kina upepo kuliko cha mbele.

Ama kofia, ngoja nikwambie, maana nilikuwa nisikwambie maisha. Inakupwaya kwa sababu hukushonewa wewe. Niliishona kwa kichwa cha Msabah wa Mzee Makungu. Unamkumbuka alipokuwa akisomea ufundi wa mashine hapo mjini, akipita kwetu kumnunulia baba yake kofia kwa mama. Kichwa chake nilikipima kwa macho, na macho yangu hayakosei. Ilipokuja posa nikaanza kushona. Miezi mitano nilishona nikingoja. Nilipochoka kungoja sikuweza kuitupa. Viua vya mkono vya miezi mitano havitupwi. Nikakupa wewe. Umeivaa Idd ngapi? Kila nikikuona nayo nilikuwa nikisema moyoni, haya, angalau imepata kichwa.

Sasa hapo kwenye posa ndipo ulipopita kwa ncha za vidole. "Sikumjibu kwa maneno mazuri." Kwani ulimjibu? Mama, Mungu amrehemu, aliniambia hawakurudi tena. Na yeye aliambiwa na wewe: wamenyamaza, pengine wamepata kwengine. Miaka ishirini na tisa najijua kuwa mimi ni mwanamke aliyeposwa kisha akaachwa kabla ya kuolewa. Wanawake wa mtaa walinipa jina, Bi Posa. Nikipita na mtungi, "Bi Posa, jibu limekuja?" Nilipoposwa na yule wa Chukwani nilimkubali siku ya pili kwa kuogopa asije naye akanyamaza. Matokeo unayajua.

Kwa hiyo niambie, kaka. Ulimjibu nini Mzee Makungu? Mengine yote nimesamehe. Hilo siwezi, maana sijui nasamehe kitu gani. Na usinipangie kwa tarehe.

Riyama


Sokomuhogo
Jumatano, 16 Aprili 2025

Mdogo wangu Riyama,

Habari ya kofia sikuijua. Nimeitoa kwenye kabati nikaitazama muda mrefu. Sitaivaa tena.

Umesema nisipange kwa tarehe, lakini sina njia nyengine ya kusema kweli. Nanukuu daftari langu la Alhamisi, 14 Machi 1996, neno kwa neno: "Leo imeletwa posa ya R. kutoka Tumbatu. Makosa 17. Nimeisahihisha, nikaisoma barazani. Tumecheka mpaka Abdulwahid akaanguka chini. Nimeirudisha kwa aliyeileta."

Nieleze vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nafundisha darasa la nne, kalamu nyekundu haitoki mfukoni. Aliileta jamaa mmoja wa Tumbatu baada ya alasiri, bahasha imefungwa ndani ya leso nyeupe iliyofukizwa udi, kama ada. Wenzangu walikuwa barazani. Wakasema, "Walii, fungua tusikie." Nilipaswa kuingia nayo ndani nikamsomee mama. Nilifungua palepale.

Ilikuwa hati ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Herufi kubwa zimeingia katikati ya maneno, maneno mawili yameunganishwa kuwa moja, mengine yamekatwa. Mahali pa kumsifu mwanawe aliandika: "Mwana wangu Msabah sasa ni mutu muzima." Abdulwahid akasema, "Mutu! Huyo mutu anatoka nchi gani?" Vicheko vilipozidi nikatoa kalamu. Nilikitia duara kila kosa. Neno mutu nililitia duara mara mbili, nikaandika pembeni: "Mutu ndiyo nini? MTU MZIMA." Chini kabisa nikaandika kama nilivyozoea kuwaandikia watoto: "Alama 3/10. Rudia." Nikaikunja, nikairudisha ndani ya leso ileile, nikampa yule jamaa aliyekuwa bado amesimama. Alikuwa amesimama muda wote huo, Riyama. Hakuna aliyemkaribisha kukaa.

Nilidhani watakuja wazee wao kulalamika, nitaomba radhi, tutacheka, yaishe. Hawakuja. Mama alijua posa imeletwa, na aliponiuliza nikamwambia wamenyamaza. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia nini kimewanyamazisha.

Hilo ndilo lote. Naona aibu ambayo sikuijua nilipoanza kuandika ile barua ya kwanza. Nisamehe ukiweza.

Kheir


Jongowe, Tumbatu
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Bi Riyama,

Assalaam alaykum. Barua yako niliipata gereji kwangu Mkokotoni, mikono imejaa grisi, nikaenda kuinawa kabla ya kuifungua. Mke wangu, Mwanakheir, anakusalimu sana. Ndiye aliyeniambia, "Mjibu, na mjibu kweli, huyo dada ana haki yake." Kwa hivyo nakujibu.

Sikujua chochote kuhusu wino mwekundu mpaka niliposoma barua yako. Wallahi sikujua. Nilimsomea baba, maana macho yake yana mtoto wa jicho na umri wake sasa ni miaka themanini na sita. Hakushtuka. Akaniambia nilete sanduku analowekea msahafu. Chini kabisa mlikuwa na leso, na ndani ya leso karatasi. Wino umeshakuwa rangi ya chai. Nilihesabu maduara. Ni kweli, kumi na saba.

Labda hukumjua baba alivyokuwa. Kwa herufi za Kiarabu alikuwa ndiye mwandishi wa kijiji kizima. Mtu akitaka hati ya shamba, au barua kwa mwanawe aliye Mombasa, anakwenda kwa Makungu. Hizi herufi za shule alijifunza kisomo cha watu wazima, amezidi miaka hamsini, amekaa kwenye dawati la watoto magoti yamemfika kidevuni. Ile posa nilimwambia nimwandikie mimi. Akasema posa huandikwa na mzazi, na watu wa mjini lazima waandikiwe kwa herufi wanazozisoma wao. Alikaa nayo siku nne.

Ilipokuja kurudishwa nilimuuliza, "Wamesemaje?" Akanijibu, "Bado. Wana jambo wanalisahihisha." Nami nikaridhika.

Jambo ambalo nahisi hulijui ni hili. Baba aliirudia. Aliandika upya, akachukua siku nyengine nyingi, na safari hii hakumtuma mtu. Alivuka peke yake, amevaa kanzu yake ya Idd, Jumamosi tarehe 20 Aprili. Naikumbuka tarehe kwa sababu kulikuwa na mvua kubwa na mama alimzuia asiende. Aliporudi magharibi, amelowa rovurovu, akasema, "Nimempa mkononi mwenyewe. Tungoje." Tulingoja mpaka mwaka mwengine. Baada ya hapo nikajua kuwa umekataa. Nilidhani umetuona watu wa kisiwani.

Wiki hii nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama. Ulitaka nisimame nikuite uje uone?"

Sina kinyongo na kaka yako. Lakini hiyo barua ya pili, kama ipo, baba angependa kujua imeishia wapi.

Wako katika heri,
Msabah Makungu


Kendwa
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Kheir,

Nakuletea barua ya Msabah uisome mwenyewe. Isome mpaka mwisho. Usiisahihishe.

Barua ya pili iko wapi?

"Hilo ndilo lote," uliniandikia. Kwa mkono wako, kwa wino wako. Mimi nikakuamini, nikaanza hata kukuonea huruma, nikasema kijana alikuwa na miaka ishirini na nne, baba hana, wenzake wakorofi. Nilishaanza kukuandikia kuwa nimekusamehe. Nimeichana.

Mtu mzima hovyo! Unaniomba radhi ya nusu, halafu ukavae ihramu juu ya nusu nyengine? Nani anamdanganya nani hapo?

Lifungue daftari lako, Jumamosi, 20 Aprili 1996. Niambie limeandika nini.

Riyama


Sokomuhogo
Jumapili, 4 Mei 2025

Riyama,

Limeandika neno moja: "Mvua."

Nimeandika daftari kwa miaka thelathini na saba. Nimeandika humo siku niliyoshindwa mtihani, siku niliyoililia maiti ya baba, siku niliyomtamani mke wa mtu. Sikupata kuficha kitu. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Siku hiyo peke yake nilidanganya, na sikudanganya kwa neno la uongo. Mvua ilinyesha kweli.

Mzee Makungu alikuja. Alinipa bahasha mlangoni akaenda zake. Hatukuzungumza zaidi ya salamu. Wenzangu walikuwa ukumbini kwa sababu ya mvua, na Abdulwahid akasema, "Mwanafunzi kaleta kazi yake." Walitaka nifungue. Nikasema baadaye. Nilipanda juu nikaitia ndani ya daftari.

Sikuifungua siku ile, wala ya pili. Unaweza kudhani niliidharau. Siyo. Niliiogopa. Kwanza nilimdhani mzee mjinga wa kisiwani, lakini mjinga harudii. Nilimwagiza mzee wa watu arudie, naye akarudia. Kama barua ile ingekuwa na makosa, ningekuwa nimemtesa bure. Kama isingekuwa na makosa, ilinilazimu kujibu, na kwanza ilinilazimu kumwambia mama kwa nini hii ni ya pili. Nikasema kesho. Kesho yake nilimkuta mama akiuliza, na neno "wamenyamaza" likanitoka lenyewe.

Kila mwaka tarehe mosi Januari naanza daftari jipya. Kila mwaka, kabla ya kuandika mstari wa kwanza, nimeitoa bahasha ile kwenye daftari la zamani nikaitia kwenye jipya. Mara ishirini na tisa. Mke wangu anadhani ni hati ya nyumba.

Nilipoanza kukuandikia mwezi uliopita, ilikuwa kwenye daftari la mwaka huu, chini ya mkono wangu. Niliandika "hilo ndilo lote" karatasi ikiwa imeilalia.

Ndiyo hiyo, ndani ya bahasha hii. Haijafunguliwa. Imeandikwa jina langu kwa kuwa nilikuwa walii, lakini ni yako.

Kheir


Kendwa
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kheir,

Sikuifungua peke yangu. Jana niliomba ruhusa kazini nikavuka Tumbatu, nikaenda kuifungulia mbele ya aliyeiandika. Mwanakheir alinipokea kwa uji na mkate wa kumimina, akanikalisha karibu na Mzee. Msabah alikaa mlangoni. Kashaota mvi na kitambi. Usije ukadhani nililia kwa ajili yake. Nililia kwa ajili ya msichana mmoja wa Sokomuhogo aliyekuwa akishona kofia.

Nakunakilia barua kama ilivyo. Asili yake nabaki nayo mimi.

"Kwa Mwalimu Kheir, walii wa binti Riyama. Assalaam alaykum. Nimerudia kama ulivyoniagiza. Makosa uliyonionesha yalikuwa ya kweli nami nakushukuru, kwani kisomo chetu mwalimu alikuwa hana nafasi ya kutuangalia mmoja mmoja. Neno moja sikulibadilisha nalo ni mutu, pamoja na muzima wake. Kwa herufi zetu neno hilo lina irabu mbili, na hivyo ndivyo nilivyosomeshwa na mama yangu. Nimelitazama sana lile lako, na ni sahihi, lakini mkono wangu unaona kama unamkata mutu kiungo. Nivumilie kwa hilo moja. Mwana wangu Msabah ni mutu muzima. Sisemi kwa umri, wala kwa ndevu. Nasema kwa sababu akikosa husema nimekosa kabla hajaulizwa. Ndiyo sifa niliyonayo ya kumpa. Twaomba jibu. Likiwa hapana, nalo ni jibu, na mutu muzima hulipokea. Wako, Makungu."

Hakuna kosa jengine hata moja, Kheir. Nilitafuta.

Nilipomaliza kusoma, Mzee alikuwa amefumba macho nikadhani kalala. Kisha akasema, "Haya. Muulize mwalimu, hii ya pili nimepata ngapi?" Msabah akacheka. Mwanakheir akacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na aibu yenyewe ilikuwa yako.

Nikamuuliza Mzee kama amekusamehe. Akasema aliyekosa aje mwenyewe, yeye hasamehe kwa wakala.

Sasa yangu. Ya wino mwekundu nimekusamehe. Ulikuwa kijana, na ujana una kelele. Hata ya kumwambia mama "wamenyamaza" nitakuja kuisamehe. Inayonikwama ni ile "Mvua". Mtu mwenye kuandika kila kitu, akiruka siku, ameruka kitu. Na umeniandikia "hatukuzungumza zaidi ya salamu". Nilipomsomea Mzee maneno hayo aligeuza uso ukutani. Nikamuuliza, "Salamu gani, mzee wangu?" Akasema, "Muulize yeye."

Nakuuliza. Salamu gani?

Nakupa kazi kama uliyompa mwenzako. Rudia. Iandike upya siku ile, na iwe siku nzima. Siku nitakayoisoma ilivyokuwa, radhi yangu unayo, hata kama ndege imeshaondoka. Ukirudi na neno moja tena, baki na neno lako.

Riyama


Sokomuhogo
Jumamosi, 17 Mei 2025

Dada yangu Riyama,

Barua yako Hafiz aliniletea Jumatano. Jana baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda Mkokotoni nikavuka. Sikutangulia kupiga simu.

Mzee alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka. Niliinama nikamshika mkono, nikamwambia, "Shikamoo, mzee wangu." Hakuitikia. Mkono wake ulibaki ndani ya wangu, na sote tuliokuwepo tukasikia kuku wakiparura uani. Nilijua anakumbuka nini. Mwishowe akasema, "Marahaba, Kheir," taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kizito. Aliniita kwa jina langu.

Nilimwomba radhi kwa yote, nikiyataja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na karatasi yangu?" Nikamwambia sina haki ya kuisahihisha. Akasema, "Basi bado hujaelewa. Mwanafunzi kafanya kazi, kavuka nayo bahari. Mwalimu asiyesoma kazi ya mwanafunzi, yeye ndiye aliyefeli." Nikaisoma mbele yake kwa sauti, nakala yako. Nilipofika kwenye mutu nililisoma kama alivyoliandika, kwa irabu zake mbili. Alitikisa kichwa. Radhi alinipa, akanitaka nilitaje jina lake kwenye dua nikifika Arafa.

Nilipokuwa navaa viatu aliniuliza kwa sauti ndogo, Msabah asisikie, "Umemwambia dada yako?" Nikasema bado. Akasema, "Mimi sikumwambia mtu. Nilikuachia wewe."

Kwa hiyo hii hapa. Nimeiandika kwenye daftari la 1996, ukurasa uleule, chini ya lile neno, kisha nikakunakilia. Naileta mwenyewe kesho asubuhi pamoja na kofia. Nitakupa mlangoni. Sitaingia usiponikaribisha.

Jumamosi, 20 Aprili 1996. Mvua. Ilianza alfajiri na haikukatika. Baada ya adhuhuri nilikuwa ukumbini na Abdulwahid na wenzake wawili, tunacheza karata. Mlango ulikuwa wazi. Nikasikia hodi.

Alikuwa mzee mrefu ambaye sikupata kumuona. Kanzu yake nyeupe imelowa mpaka magotini na imemganda miguuni. Hakuwa na mwavuli. Alisimama nje ya kizingiti, kwenye mvua, ijapokuwa nafasi ya kuingia ilikuwepo. Akauliza, "Wewe ndiye Mwalimu Kheir?" Nikasema naam. Akavua kofia. Sikuelewa kwa nini anavua kofia mbele yangu, mpaka nilipoona kuwa bahasha aliiweka humo, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kichwa chake, isilowe. Aliitoa, akaifuta na upande wa ndani wa mkono wa kanzu, mahali palipobaki pakavu, akanipa kwa mikono miwili. Bahasha ilikuwa kavu kabisa.

Nilijua ni nani. Nilijua kabla hajasema. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia karibu ndani, mzee. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia nimekosa. Wenzangu nyuma yangu walikwishaacha karata, na nilisikia mmoja akizuia kicheko.

Alisimama akinitazama, kichwa wazi, maji yanamtiririka kwenye mvi. Nilipaswa kumwamkia. Tangu nianze kusema nimefunzwa hivyo. Nilikuwa nimechelewa, nami nikazidi kuchelewa. Yeye alidhani labda ndivyo inavyokuwa mbele ya mwalimu, au labda alinionea huruma, maana aliona nimekwama. Akainamisha kichwa kidogo, akaniamkia yeye. Akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Watoto wa darasa la nne huniamkia hivyo kila asubuhi, arobaini kwa pamoja. Siwezi kusema ulimi uliteleza. Nilimtazama machoni, mzee wa miaka hamsini na saba, nami nina ishirini na nne, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kuchagua.

Nikamjibu, "Marahaba."